Msimu wa Vichapo Tisa: Michigan, 2008

Mwaka 2008 timu ya futiboli ya Marekani ya Chuo Kikuu cha Michigan ilishuka dimbani mara 12, ikashinda 3 na kupoteza 9. Timu hiyo, inayojulikana kwa jina la Wolverines, ilianza kucheza mwaka 1879, na katika muda wote huo haikuwahi kupoteza mechi tisa ndani ya msimu mmoja. Kabla ya hapo, mara ya mwisho kumaliza msimu ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi ilikuwa mwaka 1967. Tangu 1975 haikukosa hata mara moja mwaliko wa kucheza mojawapo ya mechi za heshima zinazofanyika baada ya msimu wa kawaida, kama vile Rose Bowl. Mlolongo huo wa miaka 33 ulikatikia mikononi mwa kocha mgeni, Rich Rodriguez, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika.

Uzito wa matokeo hayo hauonekani bila kujua futiboli ya vyuo ina nafasi gani Marekani. Michigan iko katika mji wa Ann Arbor, magharibi mwa Detroit, na uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 1927, huchukua zaidi ya watu 100,000, idadi ambayo hata klabu kubwa za Ulaya haziifikii. Tangu Novemba 1975 hakuna mechi ya nyumbani iliyokuwa imeangaliwa na watu pungufu ya idadi hiyo. Kufikia mwisho wa msimu wa 2007 timu ilikuwa imeshinda mechi 869, nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya chuo nchini humo. Wahitimu wake, walio mamia kwa maelfu, huihesabu timu kama mali ya ukoo.

Na bado wanaocheza ni wanafunzi. Wakati huo hawakulipwa mshahara. Walipewa ufadhili wa masomo, chumba na chakula. Kila mmoja aliruhusiwa kucheza misimu minne tu, kisha aende zake, ama kwenye ligi ya kulipwa ya NFL, ama kutafuta kazi kama mhitimu mwingine yeyote. Aliyehama kutoka chuo kimoja kwenda kingine alilazimika, kwa kawaida, kukaa nje mwaka mzima kabla ya kuichezea timu mpya. Kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa habari nzima. Klabu ya kulipwa ikigundua Januari kwamba haina mchezaji wa nafasi fulani, hununua. Kocha wa chuo wa wakati huo alipogundua hivyo, hakuwa na dirisha la usajili: aliwatumia aliowakuta na vijana wa miaka 18 aliowashawishi, na shimo aliloachiwa mwaka huo lilizibwa, kama bahati ilikuwepo, baada ya miaka miwili au mitatu.

Mchezo wenyewe si mgumu kuufuata. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa hupoteza mpira. Kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani, yaani tachidauni, huleta pointi 6, pamoja na nafasi ya kuongeza 1 kwa teke au 2 kwa kuufikisha tena. Teke linalopita kati ya milingoti huleta pointi 3. Kila jaribio huanzia mikononi mwa mchezaji mmoja, kwotabeki, ambaye ama huurusha mpira kwa mpokeaji, ama humkabidhi mkimbiaji, ama hukimbia nao mwenyewe. Timu inaweza kuficha udhaifu wa mchezaji mwingine yeyote, lakini kwotabeki dhaifu hafichiki.

Kwa takribani miaka 40 Michigan ilikuwa imeongozwa na ukoo mmoja wa makocha. Bo Schembechler alifika kwa msimu wa 1969 na akakaa hadi 1989, akishinda mechi 194. Alimwachia msaidizi wake, Gary Moeller, naye akafuatwa mwaka 1995 na msaidizi mwingine wa nyumba hiyohiyo, Lloyd Carr. Mwaka 1997 timu ya Carr ilishinda mechi zote 12 na kutawazwa bingwa wa taifa na waandishi wa habari. Falsafa yao ilikuwa moja: safu ya mbele yenye wanaume wazito, mkimbiaji anayepenya katikati, kwotabeki mrefu mwenye mkono wa nguvu anayesimama nyuma ya wakingaji wake na kurusha. Wachezaji walisajiliwa kwa ajili ya mchezo huo, wakafundishwa huo, na waliobaki mjini baada ya kustaafu waliushangilia huo.

Dalili kwamba zama zilikuwa zikibadilika zilionekana Septemba 1, 2007. Siku hiyo Michigan, ikiwa ya tano kwa ubora nchini, ilifungwa nyumbani 34 kwa 32 na Appalachian State, chuo cha milimani huko North Carolina kilichokuwa kikicheza daraja la chini yake. Hakuna timu iliyokuwa kwenye orodha ya ubora iliyokuwa imewahi kufungwa na timu ya daraja hilo. Wiki moja baadaye Oregon ilikuja Ann Arbor na kuondoka na ushindi wa 39 kwa 7. Timu zote mbili zilicheza mfumo wa kutawanya: wapokeaji walipangwa upana wote wa uwanja, wapinzani wakalazimika kujitandaza kuwafuata, na kwotabeki mwepesi akapita kwenye mianya iliyobaki. Walinzi wazito wa Michigan walikuwa wakikimbiza vivuli. Carr alitangaza kustaafu mwezi Novemba, na mechi yake ya mwisho, Januari 1, 2008, ilikuwa ya fahari: ushindi wa 41 kwa 35 dhidi ya Florida katika Capital One Bowl.

Kumpata mrithi kulikuwa na vurugu. Jina lililokuwa midomoni mwa wengi lilikuwa Les Miles, aliyeichezea Michigan na kumsaidia Schembechler, lakini alibaki katika chuo cha LSU, ambako muda mfupi baadaye alitwaa ubingwa wa taifa. Greg Schiano wa Rutgers naye alikataa. Mkurugenzi wa michezo, Bill Martin, akamgeukia Rodriguez, kocha wa West Virginia, aliyetambulishwa rasmi Desemba 17, 2007. Kwa hesabu za karatasi uteuzi ulikuwa wa maana sana. Kama mfumo wa kutawanya ndio ulioiaibisha Michigan, kwa nini asiajiriwe mmoja wa walioubuni? Rodriguez alikuwa ameufanyia majaribio tangu miaka ya 1990 katika chuo kidogo cha Glenville State, akaupeleka Tulane na Clemson, kisha akaifanya West Virginia kuwa miongoni mwa timu za kutisha nchini. Wiki mbili tu kabla ya kuhama, timu yake ilikuwa mechi moja kufika fainali ya taifa, ikafungwa nyumbani na Pittsburgh 13 kwa 9.

Kuondoka kwake West Virginia, jimbo alikokulia na chuo alichokichezea, kuliacha majeraha. Mkataba wake ulimtaka alipe dola milioni 4 akiuvunja. Alikataa, chuo kikamshitaki, na kesi ikaburuzwa hadi Julai 2008, ilipokubaliwa kwamba Michigan ilipe milioni 2.5 na yeye milioni 1.5. Kwa nusu mwaka, basi, habari kuhusu kocha mpya zilikuwa za mahakamani. Wakongwe wa Ann Arbor, waliozoea makocha wa nyumbani na kuwaita kwa fahari watu wa Michigan, walikuwa wakimpima kabla hajafundisha mechi moja. Schembechler mwenyewe, ambaye jina lake lilikuwa likitajwa kama kipimo, naye alikuwa mgeni alipofika, tena kutoka Ohio. Tofauti ni kwamba msimu wake wa kwanza aliifunga Ohio State, iliyokuwa haijapoteza mechi 22, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza alikotoka.

Kilichoamua msimu wa 2008 kilitokea kabla ya Agosti. Kwotabeki Chad Henne na mkimbiaji Mike Hart, waliocheza pamoja miaka minne, walikuwa wamemaliza muda wao. Mkingaji Jake Long alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa na klabu za NFL mwaka huo. Wapokeaji wawili bora, Mario Manningham na Adrian Arrington, waliondoka mapema kwenda kulipwa. Kwotabeki kijana aliyetarajiwa kumrithi Henne, Ryan Mallett, alikuwa na urefu wa karibu mita mbili na mkono wa ajabu, lakini mbio hakuwa nazo. Aliutazama mfumo mpya, akaona haumfai, akahamia Arkansas. Mkingaji Justin Boren naye aliondoka mwezi Machi, akisema hadharani kwamba maadili ya kifamilia yamepotea ndani ya timu, na akaenda kwa watani wa jadi, Ohio State. Mwezi huohuo Terrelle Pryor, kijana wa Pennsylvania aliyekuwa akililiwa na vyuo vyote na aliyefaa kwa mfumo wa Rodriguez utadhani alichongwa kwa ajili yake, aliichagua Ohio State hiyohiyo.

Waliobaki kugombea nafasi ya kwotabeki walikuwa wawili. Steven Threet alihamia kutoka Georgia Tech, akakaa nje msimu mmoja, na hakuwa amerusha mpira hata mmoja katika mechi ya chuo. Alikuwa mrefu, mwenye hatua nzito. Nick Sheridan aliingia timuni bila ufadhili wa michezo, kama mwanafunzi yeyote anayekwenda kujaribu bahati yake. Wote walijituma, na hakuna aliyewahi kuwatuhumu kwa uvivu. Lakini mfumo wa Rodriguez humtaka kwotabeki asome mwendo wa mlinzi mmoja ndani ya nusu sekunde: mlinzi akimwendea mkimbiaji, kwotabeki abaki na mpira na kukimbia, akisita, amkabidhi mkimbiaji. Mlinzi asipomhofia kwotabeki kwa mbio, hana sababu ya kusita, na ujanja wote huporomoka. Wapinzani waligundua hilo mapema.

Je, kocha angeweza kulegeza mfumo wake kwa mwaka mmoja? Swali hilo limezungumzwa mno Ann Arbor. Rodriguez alikuwa na mfano wake wa kujitetea: mwaka 2001, msimu wake wa kwanza West Virginia, alishinda 3 na kupoteza 8, na mwaka uliofuata timu ikapaa. Aliamini maumivu ya kwanza ni ada, na ikishalipwa hailipwi tena. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau kwamba West Virginia ilikuwa na subira ambayo Michigan haikuizoea. Hata hivyo, kudai kwamba mfumo wa zamani ungeokoa msimu ni kujidanganya. Mfumo wa zamani nao ulihitaji wakingaji wazoefu na mrushaji hodari, na wote walikuwa wameshaondoka.

Msimu ulifunguliwa Agosti 30 nyumbani dhidi ya Utah. Sheridan alianza, Threet akamalizia. Michigan ilijikuta nyuma 10 kwa 25, ikafufuka katika robo ya nne, ikafikia 23, na jaribio la pointi mbili za kusawazisha likashindwa. Siku hiyo ilionekana kama aibu. Miezi minne baadaye Utah ilikuwa imeshinda mechi zote 13, ikiwemo ya Sugar Bowl dhidi ya Alabama, na kichapo cha pointi mbili kikageuka kuwa mojawapo ya matokeo ya heshima zaidi ya Michigan mwaka huo. Ushindi wa kwanza ulikuja wiki iliyofuata, 16 kwa 6 dhidi ya Miami ya Ohio, na haukumfurahisha mtu sana.

Septemba 13, mvua ikimwagika huko South Bend, Notre Dame ilishinda 35 kwa 17. Michigan ilisonga yadi nyingi kuliko mpinzani, lakini ilipoteza mpira mara sita, na kabla robo ya kwanza haijaisha ilikuwa nyuma kwa pointi 21. Kocha wa Notre Dame, Charlie Weis, aligongwa na mchezaji pembeni mwa uwanja na kuumia goti vibaya. Alimaliza mechi akitembelea magongo, na hata hivyo alikuwa mwenye furaha kuliko mwenzake.

Kisha ikaja Septemba 27 na mechi ya 500 kuchezwa katika uwanja wa Michigan. Wisconsin, ya tisa kwa ubora nchini, iliongoza 19 kwa 0 mapumzikoni, na mashabiki walizomea timu yao wenyewe. Kipindi cha pili kilikuwa kingine kabisa. Wakimbiaji wakapata njia, safu ya ulinzi ikaanza kuuma, mlinzi John Thompson akanasa mpira na kukimbia nao hadi mwisho, na Threet, aliyedhaniwa hajui kukimbia, akachomoka yadi 58. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Wisconsin ilifikia 25 kwa 27 na kuhitaji pointi mbili. Ikazipata, mwamuzi akazifuta kwa kosa la mpangilio wa wachezaji, ikajaribu tena, ikakosa. Uwanja huo haukuwahi kuona timu ya nyumbani ikitoka nyuma kwa pointi nyingi hivyo na kushinda. Kwa wiki moja watu waliamini ada imekwisha kulipwa.

Illinois iliwarudisha duniani Oktoba 4 kwa kichapo cha 45 kwa 20. Kwotabeki wake, Juice Williams, alikusanya yadi 431 kwa kurusha na kukimbia, nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kucheza katika uwanja huo. Alikuwa akicheza mfumo uleule wa kutawanya ambao Michigan ilikuwa imemleta kocha kuufundisha.

Mechi inayotajwa hadi leo ni ya Oktoba 11, dhidi ya Toledo. Mji wa Toledo uko mpakani, upande wa Ohio, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Ann Arbor, na una historia yake na Michigan: mwaka 1835 majeshi ya mgambo ya pande mbili yalikaribia kupigana kuugombea, na ilikuwa katika mkutano uliofanyika Ann Arbor Desemba 1836 ambapo Michigan ilikubali kuuacha ili ipokewe kama jimbo. Kimichezo, Toledo ilikuwa katika ligi ya MAC, ya vyuo vidogo vya eneo hilo. Vigogo huzialika timu za namna hiyo, huzilipa, huzifunga, na kila mmoja hurudi kwake ameridhika. Michigan ilikuwa imecheza na timu za MAC mara 24 na kushinda zote, na Toledo yenyewe ilikuwa imeshinda mechi moja tu kati ya tano.

Mapema katika mechi hiyo Michigan ilifika mlangoni mwa Toledo, Threet akarusha, na mlinzi Tyrrell Herbert akaunasa mpira na kukimbia nao yadi 100 uwanja mzima. Hapo palikuwa na pointi saba za Michigan zilizogeuka kuwa saba za mgeni. Mpokeaji mmoja wa Toledo, Nick Moore, alidaka mipira 20. Threet aliumia, Sheridan akaingia, na pamoja na yote hayo Michigan ilifika karibu zikiwa zimebaki sekunde nne: teke fupi la yadi 26 lingesawazisha. K.C. Lopata akapiga, mpira ukaenda pembeni. 13 kwa 10. Toledo nayo ilimaliza mwaka huo na ushindi 3 na vipigo 9, sawasawa na Michigan, na kocha wake akaondoka. Kwa hiyo haiwezi hata kusemwa kwamba Wolverines walifungwa na timu iliyokuwa ikichipukia.

Baada ya hapo msimu ulikwenda mrama moja kwa moja. Penn State haikuwa imeifunga Michigan tangu 1996, ikiwa imepoteza mechi tisa mfululizo. Michigan iliongoza 17 kwa 7, kisha Penn State ikafunga pointi 39 bila kujibiwa na kushinda 46 kwa 17. Oktoba 25 ikawa zamu ya Michigan State, jirani wa East Lansing. Mwaka mmoja nyuma, Mike Hart alikuwa amewakejeli hadharani kwa kuwaita mdogo wao, na kocha Mark Dantonio hakuyasahau maneno hayo. Mkimbiaji Javon Ringer alipenya yadi 194, Michigan State ikashinda 35 kwa 21, ushindi wake wa kwanza Ann Arbor tangu 1990.

Safu ya ulinzi, ambayo ilikuwa imerudi na wazoefu wengi na kutarajiwa kuubeba msimu, ndiyo iliyosikitisha zaidi katika wiki hizo. Mratibu wake, Scott Shafer, alikuwa amefika Januari kutoka Stanford, na hakuonekana kusikilizana vyema na wasaidizi ambao Rodriguez alikuja nao kutoka West Virginia. Novemba 1, ugenini kwa Purdue, walinzi walipangwa kwa mpangilio mpya kabisa, watatu mbele, watatu kati, watano nyuma, katikati ya msimu. Siku hiyo mashambulizi ya Michigan hatimaye yalifanya kazi. Mkimbiaji Brandon Minor alikusanya yadi 155 na timu ikafunga pointi 42, nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Purdue ilifunga 48. Kwotabeki wake, Justin Siller, alikuwa akianza mechi kwa mara ya kwanza maishani mwake chuoni, na tachidauni ya ushindi ilitokana na ujanja wa kurusha mpira na kuupasia pembeni zikiwa zimebaki sekunde 26. Kichapo hicho cha saba kilifunga milango miwili kwa pamoja: Michigan isingeweza tena kumaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo, na mwaliko wa mwisho wa msimu haungekuja.

Huenda ndiyo maana timu ilicheza kwa utulivu huko Minnesota wiki iliyofuata. Sheridan aliongoza bila kukosea, Lopata, yuleyule wa Toledo, akapachika mateke matano ya pointi tatu na kuifikia rekodi ya chuo, na Michigan ikashinda 29 kwa 6. Ikarudi nyumbani na jagi. Timu hizo hugombea jagi la maji la udongo, ambalo asili yake ni mechi ya mwaka 1903, wakati watu wa Michigan walipolinunua kwa senti 30 kisha wakalisahau Minnesota baada ya sare ya 6 kwa 6. Ndiyo kombe pekee lililobaki Ann Arbor mwaka huo.

Novemba 15, katika baridi na mvua, Northwestern iliifunga 21 kwa 14 katika mechi ya mwisho ya nyumbani. Hata siku hiyo hesabu rasmi ya waliokuja ilivuka 100,000. Uwanja wenyewe ulikuwa katika ukarabati wa dola milioni 226, wenye vyumba vya kifahari vya kukodishwa kwa matajiri, na matajiri walikuwa wakipungua jimboni. Viwanda vya magari vilikuwa vikielekea kufilisika. Wiki iliyofuata wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler walikuwa mbele ya Bunge la Marekani wakiomba kuokolewa. Detroit Lions, timu ya kulipwa ya jirani, ilikuwa njiani kupoteza mechi zake zote 16, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika NFL. Mkazi wa kusini-mashariki mwa Michigan aliyetafuta faraja katika mpira siku za Jumamosi na Jumapili hakuipata popote.

Kilichobaki kilikuwa Ohio State, Novemba 22, huko Columbus. Msimu mbaya unaweza kusamehewa kwa mechi hiyo moja. Threet alikuwa majeruhi, Sheridan akaanza, na upande wa pili aliyeongoza mashambulizi alikuwa Pryor. Mapumziko yalifika Ohio State ikiongoza 14 kwa 7; kipindi cha pili kilikuwa cha upande mmoja, na mechi ikaisha 42 kwa 7. Ulikuwa ushindi wa tano mfululizo wa Ohio State dhidi ya Michigan, jambo ambalo haikuwa imeliweza tangu timu hizo zianze kukutana mwaka 1897. Katika ligi ya Big Ten, Michigan ilimaliza na ushindi 2 na vipigo 6.

Kwa jumla ilifunga pointi 243 na kufungwa 347, nyingi kuliko msimu wowote uliotangulia katika historia yake. Mashambulizi yalisonga chini ya yadi 300 kwa mechi. Mchezaji ambaye ubora wake haukubishaniwa alikuwa Zoltan Mesko, mzaliwa wa Romania, ambaye kazi yake ilikuwa kuupiga mpira mbali pale mashambulizi yanaposhindwa, na kazi hakukosa.

Shafer alijiuzulu mwezi Desemba, na nafasi yake ikachukuliwa na Greg Robinson, aliyekuwa kocha mkuu wa Syracuse. Sam McGuffie, mkimbiaji wa mwaka wa kwanza aliyewasili akiwa na sifa nyingi, alirudi kwao Texas kucheza Rice. Threet naye alihama, akaenda Arizona State. Rodriguez alibaki na ahadi yake kwamba mwaka wa pili ungekuwa tofauti, na kwa mwezi mmoja ulikuwa tofauti: timu ilishinda mechi nne za kwanza za 2009, kisha ikaanguka na kumaliza na ushindi 5 na vipigo 7. Kabla tu ya msimu huo kuanza, gazeti la Detroit Free Press lilichapisha madai kwamba wachezaji walikuwa wakifanyishwa mazoezi kupita saa zinazoruhusiwa. Chuo kilifanya uchunguzi na kujipunguzia saa 130 za mazoezi, na Novemba 2010 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaiweka timu chini ya uangalizi wa miaka mitatu. Lilikuwa doa kubwa la kwanza la aina hiyo kwa futiboli ya Michigan, na liliwapa waliomchoka Rodriguez hoja isiyohusu matokeo ya uwanjani.

Mashambulizi yake yalikuja kukomaa. Mwaka 2010 kwotabeki Denard Robinson, kijana wa Florida aliyekuwa na mbio ambazo Threet na Sheridan hawakuwa nazo, aliuonyesha mfumo wa kutawanya ulivyokusudiwa kuwa, naye akavuka yadi 1,700 kwa kukimbia pekee. Ulinzi ulikuwa umezidi kuoza. Timu ilishinda 7 na kupoteza 6, ya mwisho ikiwa 52 kwa 14 dhidi ya Mississippi State katika Gator Bowl, Januari 1, 2011. Siku nne baadaye Rodriguez alifungishwa virago, akiwa na ushindi 15 na vipigo 22, na hakuwa ameifunga Ohio State wala Michigan State hata mara moja.

Safari hii chuo kilimrudia mtu wa nyumbani, Brady Hoke, aliyekuwa msaidizi wa Carr. Akiwa na wachezaji ambao wengi wao walisajiliwa na Rodriguez, Denard Robinson akiwemo, na mratibu mpya wa ulinzi, Greg Mattison, alishinda mechi 11 kati ya 13 mwaka 2011, akaifunga Ohio State 40 kwa 34 na kutwaa Sugar Bowl. Wasajiliwa hao walipomaliza miaka yao minne timu ilianza kushuka, na mwishoni mwa 2014, baada ya msimu wa ushindi 5 na vipigo 7, Hoke naye aliondolewa.